Mlango Uvunjwe kwa Sababu Gani? Krismasi ya Dola na Krismasi ya Kampuni katika Tashtiti

Umeamua kuandika tashtiti, yaani hadithi ya kejeli inayokosoa, ya dunia ya kesho ambamo Krismasi imegeuka kiwanda kisicho na huruma. Wazo zuri, na halina mwenyewe. Kila Desemba kuna mtu analiokota. Shida huanza ukurasa wa tatu, msomaji anapouliza: nani anamlazimisha nani? Ukikosa jibu hapo, hadithi inabaki malalamiko ya bei kupanda, na malalamiko hayo msomaji anayo ya kwake tayari.

Majibu yanaweza kuwa mengi, lakini ukiyachuja hubaki mawili. Ama Krismasi iko mikononi mwa dola: kuna wizara, kuna mkaguzi, kuna faini, na asiyetabasamu anafuatwa usiku. Ama iko mikononi mwa kampuni: hakuna anayekukamata, umebanwa na mkataba uliotia saini kwa mkono wako, na anayebisha hodi ni mtu wa kudai deni.

Nimeandika zote mbili. Ya dola niliimaliza kwa wiki mbili, nikawasomea marafiki, wakacheka mpaka machozi, na baada ya mwezi hakuna aliyekumbuka jina la mhusika mkuu. Ya kampuni ilinila miezi. Haikumvunja mtu mbavu, ila rafiki mmoja alinipigia simu saa sita usiku kuniuliza kwa nini nimemfanyia Tumaini, mwanamke wa hadithi hiyo, vile mwishoni. Basi mjue mapema nimeegemea wapi.

Dola: malighafi imejaa tele

Faida ya kwanza ya Krismasi ya dola ni kwamba huhitaji kubuni mengi. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, liliifuta Krismasi. Ng'ambo ya bahari, huko Amerika, koloni la Massachusetts lilitunga sheria mwaka 1659: atakayekutwa akiisherehekea sikukuu hiyo, iwe kwa kuacha kazi au kwa kufanya karamu, alipe faini ya shilingi 5. Sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Hebu fikiria askari aliyetumwa kunusa milangoni kama kuna nyama ya sikukuu. Nusu ya hadithi yako iko hapo.

Urusi ya Kisovieti ilikwenda hatua moja mbele, nayo ndiyo tamu zaidi kwa mwandishi wa tashtiti. Mti wa Krismasi ulipigwa vita kama masalia ya dini, kisha tarehe 28 Desemba 1935 gazeti la Pravda likachapisha barua ya kiongozi wa chama, Pavel Postyshev, akitaka watoto warudishiwe mti wao. Ukarudi mara moja, ila safari hii kama mti wa Mwaka Mpya, na hakuna aliyejifanya kukumbuka kuwa jana yake ulikuwa kosa. Postyshev mwenyewe alipigwa risasi mwaka 1939. Mti ulimzidi umri.

Venezuela nayo. Septemba 2024, wiki chache baada ya uchaguzi uliozua mzozo mkubwa, Rais Nicolás Maduro alitangaza kwamba Krismasi ya mwaka ule itaanza tarehe 1 Oktoba. Haikuwa mara ya kwanza; mwaka 2013 aliianzisha tarehe 1 Novemba. Ukiandika jambo kama hilo kwenye hadithi, mhariri atakwambia umezidisha chumvi.

Lakini kwa mada yetu ya kiwanda, mfano unaofaa kuliko yote ni Cuba. Mwaka 1969 Fidel Castro aliiondoa Krismasi kwenye orodha ya siku za mapumziko, na sababu iliyotolewa ilikuwa miwa: nchi ilijiwekea lengo la kuzalisha tani milioni 10 za sukari katika msimu wa 1970, na mikono yote ilitakiwa shambani. Lengo halikufikiwa. Siku ya mapumziko nayo haikurudi mpaka Desemba 1997, Papa Yohane Paulo II alipokuwa anajiandaa kuitembelea nchi hiyo. Hapo unaiona dola ikifanya kazi kama msimamizi wa kiwanda, ikihesabu sikukuu kwa tani. Mwandishi anayetaka kuchanganya jeshi, shamba na nyimbo za Krismasi hana haja ya kutafuta mbali.

Na ukianza kuandika, kalamu inateleza yenyewe. Yangu ilianza hivi:

*Mkaguzi alifika saa mbili usiku na daftari lake. Akazihesabu taa za dirishani kwa kidole, akichezesha midomo. Thelathini na tisa. "Mama, kiwango ni arobaini." Mama akasema moja imeungua asubuhi ile ile. Mkaguzi akainama, akaichomoa ile balbu, akaitikisa sikioni, akasikia uzi ukigonga kioo ndani. "Kweli imeungua," akasema, kisha akaandika: kwa makusudi.*

Kinachekesha, sivyo? Na raha yake kubwa ni lugha. Kiswahili cha ofisi kina kila kitu unachohitaji: waraka, kumbukumbu namba, kwa mujibu wa kifungu kidogo cha pili, rejea kichwa cha habari hapo juu. Ukikichukua Kiswahili hicho bila kukibadili hata nukta na kukitumia kuamuru watu wafurahi, kinajidhihaki chenyewe. Wewe kazi yako ni kukaa pembeni tu.

Udhaifu ulinichukua muda kuuona. Kicheko cha Krismasi ya dola kinapanda juu. Tunamcheka waziri, tunamcheka mkaguzi, na msomaji anakaa kwenye kiti chake akiwa safi kabisa, hana doa. Adui anajulikana tangu ukurasa wa kwanza, na njia ziko mbili: mpinzani akamatwe au serikali ianguke. Ukijaribu ya tatu utakuta ni mojawapo ya hizo imevaa koti.

Kampuni: milango miwili

Nitaeleza tofauti kwa milango miwili, maana ndiyo iliyonifungua macho.

Wa kwanza uko Canterbury, Uingereza, tarehe 25 Desemba 1647. Krismasi imeshapigwa marufuku, na meya wa mji ameagiza soko lifunguliwe kama siku ya kawaida. Wenye maduka wachache wanatii. Umati unawafuata, unawataka wafunge, wanakataa, bidhaa zinatupwa huku na huku, na mji unaingia kwenye ghasia. Watu walishambulia maduka kwa sababu yalikuwa wazi siku ya Krismasi.

Wa pili uko kitongojini karibu na jiji la New York, alfajiri ya tarehe 28 Novemba 2008, siku ambayo msimu wa manunuzi ya Krismasi hufunguliwa rasmi huko Marekani. Watu wapatao 2,000 wamekusanyika nje ya duka kubwa wakisubiri bei za punguzo. Kabla ya saa kumi na moja milango inasalimu amri. Mfanyakazi mmoja, kibarua aliyeajiriwa kwa ajili ya msimu huo tu, anakanyagwa na kufa. Mamlaka ya usalama kazini ikalitoza duka faini ya dola 7,000.

Weka milango hiyo ubavu kwa ubavu. Wa 1647 ulishambuliwa ili ufungwe. Wa 2008 ulivunjwa ili watu waingie. Ukichagua dola, utakuwa unaandika habari ya watu wanaotaka kutoka. Ukichagua kampuni, utaandika habari ya watu wanaosukumana kuingia, na huko ndani ndiko kuna jela. Hiyo ya pili ni kazi ngumu zaidi, na sidhani kama kuna jambo lingine kwenye ulinganisho huu lenye uzito wa kuifikia. Hata faini zinaongea: shilingi 5 kwa aliyekula karamu nyumbani kwake, dola 7,000 kwa roho iliyotoka mlangoni pa duka.

Ugumu wenyewe ni huu: katika kiwanda cha Krismasi kilichopo tayari duniani, huwezi kumpata mbaya. Nenda nyuma uone kila gurudumu lilivyoingia. Henry Cole, mtumishi wa umma wa London, alikuwa na barua nyingi za sikukuu za kujibu na muda hana. Mwaka 1843 akaagiza zichapishwe kadi 1,000 zenye salamu moja kwa wote, na zilizobaki zikauzwa shilingi moja moja. Alitaka kupunguza kazi tu, maskini. James Edgar, mwenye duka mji wa Brockton, Massachusetts, alivaa mavazi ya Baba Krismasi mwaka 1890 akazunguka dukani kwake kwa sababu alipenda watoto. Wakaanza kuletwa kwa treni kutoka Boston. Mwaka 1909 benki moja ya Carlisle, Pennsylvania, ilifungua akaunti ambayo mteja anaweka kidogo kidogo kila wiki, akatoe zote Desemba. Nani atalaumu akiba? Kisha ruka hadi Oktoba 2006, kampuni ya Uingereza iitwayo Farepak, iliyokuwa ikikusanya akiba za Krismasi za familia za kipato cha chini, inafilisika ikiwa na fedha za watu zaidi ya 100,000, miezi miwili kabla ya sikukuu.

(Onyo dogo kwa anayetaka kuanza na Coca-Cola. Usiandike kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyomvika Baba Krismasi nguo nyekundu. Msanii wao, Haddon Sundblom, alianza kumchora mwaka 1931 na michoro yake ndiyo iliyoienea dunia, lakini mzee huyo alikuwa ameshavaa nyekundu mara nyingi kabla ya hapo, na Thomas Nast alikuwa akimchora kwenye jarida la Harper's Weekly tangu 1863. Msomaji mmoja akikukamata kwa hilo, hatakuamini tena.)

Mfano ninaoupenda, nao unauma, ni wa mwaka 1939. Kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, Chicago, ilikuwa na desturi ya kununua vitabu vya watoto na kuvigawa bure wakati wa Krismasi. Mwaka ule ikaamua kutengeneza cha kwake ili kuokoa gharama. Kazi akapewa mwandishi wa matangazo, Robert May, ambaye mkewe alikuwa mgonjwa wa saratani na alifariki kabla kitabu hakijatoka. May akamaliza kazi. Kitabu chake cha Rudolph, kulungu mwenye pua nyekundu, kiligawiwa nakala karibu milioni 2.4 Krismasi hiyo ya kwanza, na mwandishi akabaki na madeni ya matibabu, kwa kuwa haki ilikuwa ya mwajiri. Kampuni ilimrudishia haki hizo mwaka 1947. Yaani hata hapa, palipo na kila kitu cha kuudhi, mwajiri anaishia kufanya jambo jema! Ndivyo Krismasi ya kampuni inavyokunyima mtu wa kumchukia.

Na upande wa pili wa ukanda wa kiwanda kuna Yiwu, mji wa China katika mkoa wa Zhejiang, unakotoka mzigo mkubwa wa mapambo ya Krismasi yanayouzwa duniani. Mwaka 2014 zilisambaa habari na picha za karakana moja ya huko inayopaka poda nyekundu kwenye mapambo ya plastiki. Kijana anayefanya kazi hiyo amekuwa mwekundu kuanzia utosini, na kichwani amevaa kofia ya Baba Krismasi. Hakuivaa kwa furaha. Aliivaa ili vumbi lisiingie kwenye nywele.

Kofia hiyo ningeijengea riwaya nzima.

Sasa lugha. Kama dola inakupa Kiswahili cha waraka, kampuni inakupa Kiswahili cha ujumbe wa simu: mpendwa mteja, hongera, umechaguliwa, ofa hii ni kwa ajili yako tu. Hakuna amri ndani yake hata moja, na ndiyo maana inatisha. Mfanyakazi haitwi mfanyakazi, anaitwa mshiriki. Kufukuzwa ni kuachiwa huru kwa msimu. Deni ni zawadi unayojitangulizia. Nilipopata msamiati huo ndipo hadithi yangu ya pili ikaanza kupumua:

*Skana ya kusomea lebo ilitetemeka kiganjani mwa Tumaini. "Mpendwa mshiriki, umesimama sekunde 9. Je, tukusaidie?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili: NDIYO, NINA FURAHA na NDIYO, NITAKUWA NA FURAHA. Akabonyeza cha kwanza. Kengele iliyoshonwa kwenye kofia yake ikalia mara moja, na kwenye kioo deni lake likapanda kidogo: mlio wa kengele, huduma ya hiari.*

Linganisha na mkaguzi wa taa. Mkaguzi anaweza kuhongwa, kudanganywa, kuchekwa akishaondoka. Skana haiondoki. Tumaini hana wa kumnong'oneza, na jambo baya zaidi, alikuja mwenyewe kuomba kazi ile, akashukuru alipoipata.

Kuna hesabu moja inayoweza kukusaidia kama unataka mashine ya hadithi iwe na mantiki. Mwaka 1993 mchumi Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu zawadi zao za Krismasi zina thamani gani machoni pao, akalinganisha na bei zilizonunuliwa. Akakuta kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani imepotea njiani, kwa kuwa mtoaji hajui mpokeaji anataka nini. Kwa mchumi hiyo ni hasara. Kwa mwandishi wa tashtiti ni tangazo la nafasi ya kazi: dunia yako ya kesho inahitaji kampuni iliyoapa kumaliza hasara hiyo, na njia pekee ni kumjua kila mtu anataka nini kabla yeye mwenyewe hajajua. Humo mna kamera, mna maswali kabla ya kulala, mna mtoto anayesifiwa kwa kuwachongea wazazi wake. Hakuna mwenye nia mbaya. Wote wanataka ufurahi.

Hatari ya upande huu ni mahubiri. Kila sura ya tano utajikuta unamweka mzee mwenye busara aseme kwamba Krismasi ya kweli iko moyoni. Mfute. Kama kiwanda chako kimejengwa vizuri, sentensi hiyo ya mzee ingeshakuwa imechapishwa kwenye vikombe.

Hatari nyingine ni ya ufundi: hakuna wa kugombana naye. Katika hadithi ya dola, mhusika anaweza kuingia ofisini kwa waziri akamtemea maneno. Katika ya kampuni, meneja naye ana skana yake, na juu ya meneja kuna namba ya huduma kwa wateja inayopiga wimbo. Mimi nilitatua kwa kuufanya wimbo huo uwe mhusika. Wewe utapata njia yako.

Je, kuchanganya?

Wengi watasema: basi weka vyote. Inawezekana, na mfano wake tena ni wa mwaka 1939. Novemba ya mwaka ule ilikuwa na Alhamisi tano, na sikukuu ya Shukrani ya Marekani, ambayo baada yake ndipo manunuzi ya Krismasi huanza kwa nguvu, ingeangukia tarehe 30. Wafanyabiashara wakalalamika kwamba siku za kuuza zitakuwa chache mno. Rais Franklin Roosevelt akaiwahisha sikukuu kwa wiki moja, hadi tarehe 23. Karibu nusu ya majimbo yakakubali, mengine yakagoma, na Texas ikasherehekea zote mbili. Familia zilizokuwa majimbo tofauti zikala Shukrani kwa tarehe tofauti, mpaka sheria ya 1941 ilipoifunga kwenye Alhamisi ya nne ya Novemba.

Kiswahili kinatucheka hapa, kwa sababu neno dola ni mamlaka na neno hilo hilo ni noti. Lakini tahadhari: mchanganyiko unafaa pale tu dola inapokuwa mtumishi wa kampuni, anayesogeza kalenda na kurudi nyuma. Ukiwapa wote wawili nguvu sawa, msomaji hajui amwogope nani, na hofu iliyogawanywa mara mbili haimtoshi mtu.

Uchukue ipi

Kama unaandika kitu kifupi, cha kusomwa kwa sauti au kuigizwa jukwaani, chukua dola bila kusita. Mkaguzi na daftari lake anaonekana hata kwa aliyekaa safu ya mwisho, skana haionekani. Kama unaandikia mahali ambapo kumcheka mkubwa kunahitaji ujasiri, chukua dola pia, hapo kicheko kinachopanda juu kina kazi yake. Kwa watoto, dola.

Kwa kila kitu kirefu kuliko kurasa 30, chukua kampuni. Na kama umewahi kufanya kibarua cha msimu, kupanga mizigo usiku huku wimbo ule ule unarudia kwa mara ya mia, usihangaike hata kulinganisha. Unayo tayari.

Njia nyepesi ya kujipima ni kuandika ukurasa wa mwisho kwanza. Katika ile yangu ya dola, amri inafutwa, mtaa mzima unashusha taa kwa shangwe, na yule mama anaiacha balbu moja ikiwaka, ile iliyoungua akainunulia nyingine. Ni ukurasa mzuri. Niliuandika kwa dakika 20 na sijaubadili.

Katika ya kampuni, Tumaini anamaliza deni lake. Skana inampongeza, lango linafunguka, anatoka nje akiwa bado na kofia, mikono mitupu, na hakuna anayemfuata. Ni usiku, kuna baridi, na ukutani kuna karatasi inayosema milango itafunguliwa saa kumi na moja alfajiri kwa bei ambazo hazijawahi kuonekana. Rafiki yangu aliyepiga simu alitaka kujua kwa nini hakwenda nyumbani. Nikamwambia sikumzuia, niliiacha sentensi wazi nione atakwenda wapi, na aliangalia saa, akasogea ukutani, akawa wa kwanza kwenye foleni.